Kano ya Achilles: kwa nini hukatika juu kidogo ya kisigino na si penye mfupa?

Kocha_wa_Pembeni

Wakuu, salaam. Naandaa somo la saa moja kwa wasaidizi wa benchi la ufundi, timu ya mpira na kikundi cha riadha kwa pamoja. Wengi wanaijua kano ya Achilles kama "ule mshipa wa nyuma ya kisigino", na wanaamini ni kamba moja iliyonyooka kutoka kwenye shavu la mguu mpaka mfupani. Vitabu nilivyonavyo vinaishia kwenye mchoro na mishale miwili mitatu.

Nahitaji undani. Ndani ya kano kuna nini, mpaka kwenye seli? Kwa nini hukatika zaidi sentimita chache juu ya kisigino, wakati inaposhikilia ni mfupani? Kwa nini aliyekatika kano bado anaweza kuelekeza vidole chini akiwa amelala, kisha anaambiwa ni kuteguka tu? Na kama kuna njia ya kuwaonyesha kwa macho bila maiti wala vifaa vya hospitali, nitashukuru.

Majibu ya "nyoosha, chua, itapona" naomba tuyaweke kando.

Meza_ya_Anatomia

Mkuu, kosa la wasaidizi wako lipo kwenye hilo neno "moja". Hapo kuna kano tatu zilizoungana. Vichwa viwili vya msuli wa gastroknemio, cha ndani na cha nje, vinaanzia nyuma ya mfupa wa paja, juu tu ya goti. Chini yake umelala msuli wa soleo, mpana na bapa, unaoanzia kwenye muundi na fibula (mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, upande wa nje), yaani chini ya goti. Kila kimoja kinaleta nyuzi zake, na zikifika chini zinashikamana bila kuchanganyikana kabisa. Zinaweza kuteleza kidogo, fungu moja kando ya jingine, na uwezo huo hupungua kadiri mtu anavyozeeka.

Tofauti ya kuanzia juu au chini ya goti waeleze vizuri, maana ina kazi uwanjani. Goti likinyooka gastroknemio inavutika, na goti likikunjwa inalegea, soleo ikabaki na mzigo. Anayenyanyua visigino kwa mkao mmoja tu anaifanyia mazoezi sehemu ya kano.

Kuna na msuli mdogo, plantari. Tumbo lake ni fupi, liko nyuma ya goti, na kano yake ni nyembamba na ndefu, inashuka upande wa ndani wa kano kubwa. Baadhi ya watu wamezaliwa bila huo msuli na hawapungukiwi kitu. Shida yake ni kwamba Achilles ikikatika plantari mara nyingi hubaki nzima, na anayepapasa kwa haraka hugusa ule uzi akadhani kano ipo.

Vipimo ni hivi. Kuanzia gastroknemio inapoishia, katikati ya shavu la mguu, mpaka mfupani ni kama sentimita 15. Soleo inaendelea kuongeza nyuzi upande wa mbele mpaka sentimita 5 au 6 juu ya kisigino, na kutoka hapo kushuka kano haina nyama yoyote. Juu ni bapa, upana wa sentimita 6 hivi. Inapungua ikishuka, na penye wembamba kabisa, kama sentimita 4 juu ya mfupa, upana haufiki sentimita 2. Kisha inatanuka tena kuingia kwenye mfupa wa kisigino. Unene wa kawaida kwa mtu mzima ni milimita 5 au 6. Ultrasaundi ikisoma 8 au 9, huenda imeshaanza kuumwa hata kama mchezaji hajalalamika.

Halafu kuna msokoto, jambo ambalo michoro mingi haionyeshi kabisa. Nyuzi hazishuki wima. Zinazunguka, kwa kawaida karibu digrii 90, ingawa watu hutofautiana sana. Za gastroknemio ya ndani zinaishia upande wa nyuma, za soleo zinaishia mbele na ndani. Mguu wa kulia na wa kushoto husokotwa kinyume. Msokoto unaisaidia kano kuhifadhi nguvu mguu unapotua na kuirudisha unaponyanyuka, ila una gharama yake kwenye damu.

Damu inaingia kwa njia tatu: juu kutoka kwenye msuli, chini kutoka mfupani, na katikati kupitia utando unaoizunguka, hasa upande wa mbele wenye pedi ya mafuta. Ateri ya nyuma ya muundi inalisha juu na chini, ateri ya fibula inalisha katikati. Eneo la sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa ndilo lenye njaa. Kano ikivutwa huku imesokotwa inajikamua kama kanga inayotolewa kwenye beseni, na mishipa midogo iliyomo inabanwa. Papo hapo ndipo penye wembamba, kwa hiyo mzigo uleule unagawanywa kwa nyuzi chache zaidi. Sasa unaona kwa nini hukatika hapo. Mfupani kano imetanuka na imetengenezewa mshiko maalumu.

Kwa wanaosaidia wapasuaji: neva ya surali, ya hisia za upande wa nje wa wayo, inavuka ukingo wa nje wa kano karibu sentimita 10 juu ya kisigino, kisha inashuka kandokando yake. Ndiyo sababu wengi huchana upande wa ndani wa mstari wa kati.

Tishu_na_Rangi

Naingia ndani ya kano. Ikiwa hai, asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake ni maji. Ukiikausha, asilimia 60 hadi 85 ya kilichobaki ni kolajeni, protini ya nyuzi imara, na zaidi ya tisa ya kumi ya kolajeni hiyo ni aina ya 1. Elastini ni kidogo, asilimia 1 au 2, pamoja na proteoglikani kama dekorini zinazoshika maji na kupanga nyuzi.

Anza chini kabisa upande juu. Molekuli ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotana, urefu nanomita 300, unene nanomita 1.5. Molekuli hizi zinapangana kwa kupishana, hivyo fibrili, yaani kiunyuzi kinachotokana nazo, ikitazamwa kwa darubini ya elektroni huonyesha milia kila baada ya nanomita 67. Fibrili nyingi huwa unyuzi, nyuzi huwa fasikuli, fasikuli hufungwa kwa mafungu makubwa zaidi, na mafungu yote ndiyo kano. Kati ya mafungu hupita utando uitwao endotenoni, ndimo zinamopita ateri ndogo na neva. Kano nzima imevikwa epitenoni, na nje yake kuna paratenoni.

Hapo kwenye paratenoni tuwe makini, maana Achilles haina ala yenye ute kama kano za vidole vya mkono. Ikiuma kwa nje, na ukisikia mkwaruzo chini ya kidole mchezaji anapochezesha wayo, kilichowaka ni paratenoni. Namna ya kutofautisha: shika penye maumivu au uvimbe, mwambie apandishe na kushusha wayo. Uvimbe ukisafiri pamoja na kano, tatizo lipo ndani ya kano. Ukibaki palepale, tatizo ni utando.

Seli zake, tenosaiti, ni chache na nyembamba, zimejipanga safu kati ya nyuzi na kugusana kwa vikono vyao. Ndizo zinazotengeneza kolajeni, na kinachoziamsha ni mvutano. Kano isiyovutwa kabisa kwa wiki nyingi hudhoofika. Ikivutwa kupita kiasi bila nafasi ya kujijenga, huharibika. Vitamini C inahitajika seli zinapotengeneza kolajeni, kwa sababu bila hiyo ile minyororo mitatu haishikamani imara.

Kolajeni ikiwa imelegea ina mawimbi madogo. Mvutano wa mwanzo, mpaka asilimia 2 hivi ya urefu, unanyoosha mawimbi tu. Kutoka 2 hadi 4 nyuzi zenyewe ndizo zinazovutika, na zinarudi. Kupita 4 mipasuko midogo inaanza, na kati ya 8 na 10 kano inakatika. Hizo ni tarakimu za vitabuni, kano moja moja hutofautiana, ila mpangilio ndio huo. Kumbuka kwamba kukimbia huipa kano hii mzigo wa mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anazungumzia kilo 360 hadi 480 katika kila hatua.

Kiini cha kano ya mtu mzima hakijijengi upya kwa kiasi cha maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la Denmark ulitumia kaboni-14 iliyomwagwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ukaona kwamba tishu ya katikati ya Achilles karibu yote hujengwa mpaka mtu anapofika miaka 17 hivi. Baada ya hapo mabadiliko ni madogo sana. Mchezaji wako wa miaka 32 anakimbilia kolajeni ya ujana wake.

Kano ikiumwa kwa muda mrefu, ukiikata na kuitia rangi huoni jeshi la seli za uvimbe wa moto kama wengi wanavyodhani. Unaona nyuzi zimepoteza mpangilio, kolajeni ya aina ya 3 imeongezeka (ni nyembamba na dhaifu), maji yamezidi, seli zimekuwa za mviringo, na mishipa mipya ya damu pamoja na neva imechomoza kutoka upande wa mbele. Watafiti Kannus na Józsa walichapisha mwaka 1991 uchunguzi wa kano 891 zilizokatika zenyewe, za Achilles na nyingine, na asilimia 97 zilikuwa tayari na uharibifu wa aina hii au unaofanana nao. Wengi wa hao hawakuwahi kusikia maumivu. Kwa hiyo "ilikatika ghafla" ni kweli kwa mchezaji, kwa tishu si kweli.

Kocha_wa_Pembeni

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Matatu yamebaki. Vijana wa miaka 11 na 12 wanaosema kisigino chenyewe kinauma, hao nao ni kano? Na lile la kuelekeza vidole chini bado halijajibiwa. La tatu, kuna mzee amenihakikishia supu ya makongoro inatengeneza kano.

Fizio_wa_Zamu

Kocha, nianze na hao watoto. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, sehemu ya nyuma ya mfupa wa kisigino bado ina bamba la gegedu linalokua, na bamba hilo ni dhaifu kuliko kano inayolivuta. Kwa umri huo kinacholegea kwanza ni mfupa. Bana kisigino kutoka pande mbili, kulia na kushoto. Akiruka kwa maumivu, ndilo hilo. Punguza mbio na kuruka, weka kipande cha kuinua kisigino cha sentimita 1 ndani ya viatu vyote viwili, na asicheze kwa daluga ngumu kwenye uwanja uliokauka. Huisha bamba likifunga. Usimpe programu ya kano ya mtu mzima.

Kwa mtu mzima, maumivu ya mfupani na yale ya sentimita 4 juu usiyatibu sawa. Kano inashika theluthi ya kati ya uso wa nyuma wa kisigino. Theluthi ya juu haijashikwa, kuna kifuko cha ute kinachoizuia kano isisuguane na mfupa. Penye mshiko wenyewe tishu inabadilika hatua kwa hatua: kano, gegedu-nyuzi laini, gegedu-nyuzi yenye kalisi, kisha mfupa. Imejengwa hivyo kwa kuwa kila wayo unapopanda kuelekea muundi, kano inabanwa kwenye kona ya juu ya kisigino. Sasa mtu mwenye maumivu ya mshiko ukimsimamisha ukingoni mwa ngazi na kumwambia ashushe kisigino chini ya usawa, unambana palepale panapouma. Yeye afanyie sakafuni, kisigino kisishuke kupita usawa.

Mwenye maumivu ya katikati ndiye wa ngazini. Programu ya mtafiti Alfredson ya mwaka 1998 ni mizunguko 3 ya mara 15, goti limenyooka, kisha 3 ya 15 goti limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, wiki 12. Panda kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mguu mmoja unaouma. Zoezi likiwa haliumi tena, ongeza uzito kwenye mkoba wa mgongoni. Inapokwama mara nyingi ni kwa sababu mtu anashuka kwa kuanguka, sekunde moja kashafika chini, au anaacha wiki ya 3 kwa kuwa bado inauma. Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunaruhusiwa. Kipimo ni asubuhi ya pili: ukakamavu wa hatua za kwanza ukizidi wa jana, mzigo ulikuwa mkubwa.

Sasa iliyokatika. Anaweza kuelekeza vidole chini kwa sababu nyuma ya kifundo kuna misuli mingine inayofanya kazi hiyo: tibialisi ya nyuma, wa kukunja kidole gumba na wa kukunja vidole, na wale wa fibula. Akiwa amelala hakuna mzigo, kwa hiyo wanatosha. Asichoweza ni kusimama kwa ncha ya mguu huo mmoja. Usimjaribu kwa hilo, mlaze.

Alale kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya ukingo wa kitanda. Bana shavu la mguu, penye nyama nyingi, kwa kiganja kizima. Mguu mzima utasukuma vidole chini. Uliokatika hautasogea, au utasogea kidogo tu ukilinganisha na mwenzake. Linganisha miguu yote miwili kila mara. Kisha mkunjie magoti digrii 90, utazame tu: mzima umeinamisha vidole kidogo, uliokatika umelala bapa au umepinda kuelekea muundi. Papasa na nyuma. Siku ya kwanza utaona shimo kwa kidole, baada ya siku mbili tatu damu na uvimbe vinalijaza na unakosa ushahidi.

Ukithibitisha, hakuna kuchua, hakuna kunyoosha. Funga wayo ukiwa umeelekea chini, atembelee magongo, afike hospitali siku hiyo au kesho yake. Upasuaji na kiatu maalumu vyote vina matokeo mazuri kama vimeanza mapema na ncha mbili zinagusana. Inayopona ikiwa imerefuka ndiyo inayomharibia mtu kazi: haiumi, lakini hana msukumo wa kuondokea.

Maumivu ya ghafla yakiwa katikati ya shavu, upande wa ndani, hiyo si Achilles yenyewe. Mara nyingi ni gastroknemio ya ndani iliyochanika inapoungana na kano. Hupona bila upasuaji kwa wengi.

Tishu_na_Rangi

Makongoro: kolajeni ikichemshwa huwa jelatini, na jelatini ikifika tumboni huvunjwa kuwa asidi amino kama protini nyingine. Ni chakula kizuri. Haisafiri kwenda kisiginoni kuziba nyufa, na mtu asiache mazoezi ya ngazi kwa ajili yake.

Mfamasia_wa_Kaunta

Naongeza kitu ambacho benchi la ufundi halikiulizi. Sipro, yaani siprofloksasini, na ndugu zake wa kundi la fluorokwinoloni kama levofloksasini, zinajulikana kuongeza hatari ya kano kuuma na kukatika, na Achilles ndiyo inayoongoza. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziwekea onyo la kiwango cha juu kabisa. Inaweza kutokea ndani ya siku chache za kuanza dozi, au miezi baadaye. Hatari inazidi kwa wenye miaka zaidi ya 60, wanaotumia vidonge vya steroidi kama prednisoloni, na waliopandikizwa figo au kiungo kingine. Huku kwetu sipro hununuliwa kaunta kwa kuharisha tu. Mchezaji akiitumia na kano ikaanza kuuma, mazoezi na dawa hiyo visimame, na arudi kwa daktari mara moja abadilishiwe dawa. Asiikatishe kimyakimya bila kumwona daktari, akabaki na ugonjwa nusu.

Sindano ya steroidi ndani ya kano hii nayo ikataliwe. Maumivu yanapungua haraka, mchezaji anarudi kwa kasi, na tishu iliyo dhaifu inabebeshwa mzigo wote.

Kano zote mbili zikiwa nene na zenye vinundu kwa kijana asiyecheza sana, pima lehemu. Kuna familia zenye lehemu ya juu ya kurithi, na Achilles ni mahali inapojionyesha mara nyingi.

Kisu_na_Bano

La kuonyesha kwa macho ni rahisi. Nunua mguu wa nyuma wa mbuzi, mwambie bucha asiukate kwenye kifundo. Kagua kwanza: machinjioni hutoboa tundu kati ya kano hii na mfupa ili kutundikia mzoga kwenye ndoano, na mara nyingi tundu limechana mafuta na utando wa mbele. Mzoga mzima ukining'inia hapo bila kano kukatika ni somo tayari.

Vifaa: kiwembe kipya, bano, sindano mbili, lenzi ya mkono, tochi, na maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita 1 ya kulowanishia. Kano ikikauka mezani inakuwa ya manjano na hakuna kinachoonekana.

Kama ngozi bado ipo, ichane wima, kando ya mstari wa kati. Chini yake utakuta utando laini wenye mishipa myekundu. Uinue kwa bano, uone unavyoteleza juu ya kano. Hiyo ni paratenoni. Iondoe. Sasa legeza kano kwa kunyoosha kifundo, mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu, na utazame kwa lenzi: kuna mistari midogo inayokatiza upana wa kano. Mvute wayo, mistari inapotea. Mlegeze, inarudi. Hayo ndiyo mawimbi aliyoyataja Tishu_na_Rangi, na darubini haihitajiki.

Kata kipande cha sentimita 3, ukichambue kwa sindano mbili kwa urefu. Kinaachana fasikuli kwa fasikuli, na katikati yake unaona utando mwembamba wa endotenoni ukikatika. Jaribu kukichana kwa upana uone kinavyogoma. Kipande kingine kitumbukize kwenye maji ya moto, nyuzijoto 70 hivi: kinajikunyata papo hapo, kwa kuwa ile minyororo mitatu ya kolajeni imefumuka.

Mwisho pasua kisigino kwa msumeno, katikati, kutoka nyuma kwenda mbele. Tazama ukingo: nyeupe ya kano, kijivu kinachong'aa cha gegedu-nyuzi, kisha mfupa. Usikate kwa panga, litaponda hilo tabaka la kijivu na ndilo ulilolitafuta.

Wasaidizi waambiwe tofauti moja. Kwa mbuzi, kano ya msuli wa kukunja vidole inazunguka kutoka upande wa ndani, inaifunika ya gastroknemio, inapita juu ya ncha ya kisigino na kuendelea mpaka vidoleni. Kwa binadamu hakuna kitu hicho hapo. Nyuzi zinaishia kisiginoni, na kwa mtu mzima kinachobaki kati yake na utando wa chini ya wayo ni ngozi ya mfupa tu. Soleo ya mbuzi nayo ni ndogo sana. Kwa hiyo mbuzi atumike kuonyesha tishu, utando na mshiko. Msokoto na misuli mitatu waonyeshe kwa mchoro unaofuata maelezo ya Meza_ya_Anatomia, na mguu ukishapita mikononi mwa darasa zima usirudi jikoni.